Kikombe Kimoja kwa Kila Mlo

Ibra, 6 Oktoba 2024

Mwanangu Shukriya,

Salamu nyingi. Usishtuke kupata karatasi. Nimemrudishia kaka yako Hashil simu yake na nimemwambia sitaki tena kupigiwa ile simu ya picha. Nakupenda, lakini mtu hawezi kula na binti yake yuko Nizwa anasema, "Baba, shusha kamera kidogo. Hiyo nyama ya nani?" Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa na mgeni, naye akauondoa mkono wake kwenye sinia akidhani anaulizwa yeye.

Kwa hiyo tutaandikiana, kama nilivyokuwa nikiandikiana na marehemu mama yako nilipokuwa na kazi Sur. Barua haina jicho. Atazichukua Yaqoob, yule wa samaki, anayepita hapa kila Alkhamisi na nguru wake kuwahi soko la Ijumaa la huko kwenu. Zikinuka, mlaumu nguru.

Daktari anasema sukari yangu imepanda kidogo. Neno "kidogo" ni lake, mimi sikuliongeza.

Mkahawa wa Hashil unakwenda vizuri, mashallah. Vile vyumba vya kukaa chini kwenye zulia vimekuwa saba sasa, kila kimoja na pazia lake. Watu wanaokwenda Ras al Hadd kuangalia kasa wanasimama hapa kula. Lakini hayo masinia, mwanangu. Bibi yako kwetu Malindi, Unguja, alikuwa akipima kibaba kimoja cha mchele, tukila watu wanane, na mwisho tunagombania ukoko. Hashil kibaba hicho anawawekea watu wawili, na mbuzi juu yake. Nimemwambia apunguze. Anasema mgeni akiona bati la sinia chini ya wali harudi tena, na mikahawa mingine mitatu imefunguliwa barabara hii hii.

Na wewe hilo tumbo vipi? Ulale kama ulivyoambiwa.

Baba yako,
Sleyum


Nizwa, 11 Oktoba 2024

Baba yangu mpenzi, shikamoo.

Barua imefika na imenuka kweli. Turki amenicheka mpaka basi. Ananiambia mume gani anafurahi mkewe kupata barua zenye harufu ya nguru.

Daktari bado amenikataza safari za gari mpaka nijifungue, kwa hivyo Ibra siji, wala usinisubiri. Kazini naenda nusu siku. Unakijua chumba changu pale kituo cha afya: meza, mizani, na kile chakula cha plastiki nilichokuonyesha, wali wa plastiki, samaki wa plastiki, tende tatu. Nawaambia watu, wali wako ni huu, ukubwa wa ngumi yako. Wanasema inshallah dada, na wakitoka nawaona dirishani wanavuka barabara kwenda kula mandi, wali na nyama sinia zima. Mmoja alipona vizuri sana mwezi uliopita, akaniletea shukrani. Sinia zima la wali wa kabuli. Baba, wakati mwingine natamani kulia pale pale mbele ya samaki wangu wa plastiki.

Watu hao wote siwawezi. Wewe nataka nikuweze. Mama alikwenda kwa sukari hii hii na mimi nilikuwa bado nasoma. Nataka mwanangu akujue. Sitaki kitu kingine kwako mwaka huu.

Nampa Yaqoob kikombe cha plastiki cha buluu. Kila mlo, wali ulioiva kikombe kimoja, uliosawazishwa kwa kisu, si wenye kilima juu. Unywe maji mengi badala ya soda. Niahidi kwa maandishi, maana kwa mdomo nakujua.

Mwanao,
Shukriya


Ibra, 20 Oktoba 2024

Shukriya,

Kikombe kimefika. Nakuahidi kwa maandishi: kila mlo kikombe kimoja, kilichosawazishwa. Nimempa mpishi na nimemwonyesha kisu. Ananiona nimeingiwa na wazimu, lakini anapima.

Nakupa habari za kazi yangu mpya. Unakumbuka siku ya kufungua mkahawa, Hashil alikula na wale watu wa Tiwi? Simu ikalia, akanyanyua mkono kutoka kwenye sinia ili aipokee. Wote watano wakanyanyua mikono papo hapo, wakasema alhamdulillah, wakanawa. Hawakuwa wameshiba. Sinia lilirudi jikoni nusu nzima. Nilimwita kando nikamwambia, wewe ndiye mwenyeji, mwenyeji hatangulii kunyanyua mkono, akitangulia amewafukuza watu kwenye chakula. Akasema, "Baba, mimi nina simu na jiko na wafanyakazi, mila hizi nitaziweka wapi?" Nikaona ana haki. Basi mimi ndiye ninayekaa mlangoni sasa, nakaribisha watu. Nimestaafu miaka kumi na nne, nilikuwa sina ninalongojewa. Sasa watu wakiteremka kwenye gari wanauliza, mzee yuko wapi?

Ile mashine yako ya kupima sukari imelala. Nadhani betri.

Baba yako,
Sleyum


Nizwa, 25 Oktoba 2024

Baba, shikamoo.

Nimeisoma ahadi yako mara tatu na nimeibandika kwenye friji. Kukaa mlangoni nakuunga mkono, afadhali uwe na watu kuliko kukaa na televisheni tangu alfajiri. Ila ukae kwenye kiti cha maana na utembee kidogo. Betri namwambia Hashil alete.

Nampigia simu kila siku ya pili. Ananiambia, "Baba mzima, anakula kikombe chake." Sijui nimshukuruje.

Shukriya


Ibra, 24 Novemba 2024

Mwanangu,

Umemuuliza Hashil tena juu ya kikombe, na nakujibu mimi kwa haki yake Mola: sijazidisha kikombe hata siku moja. Mpishi shahidi. Hata Alkhamisi, watu wakiwa wengi, kikombe ni kile kile.

Maji nakunywa mpaka mwenyewe nashangaa. Zamani nilikuwa nasahau. Sasa dumu liko pembeni ya kiti changu na kabla ya adhuhuri limekwisha. Unaona ninavyokutii.

Hashil amenipeleka kununua makubadhi mapya, mapana. Yale ya zamani yalikuwa yananibana kidole. Kidogo tu.

Sleyum


Nizwa, 13 Desemba 2024

Baba,

Tumepata binti, Jumatatu, kilo tatu na gramu mia mbili. Tumemwita Yaqeen. Ana paji lako la uso, Turki hafurahi lakini ndivyo ilivyo.

Nakungoja. Mama mkwe amenifungia ndani na uji wa hulba na sitoki mpaka arubaini, kwa hivyo ni wewe uje. Ni saa mbili tu kwa gari.

Shukriya


Ibra, 12 Januari 2025

Mwanangu mama Yaqeen,

Mungu amkuze. Najua umenuna. Hashil ameniambia kwamba kwenye simu ulilia. Ningekuja, Wallahi ningekuja, lakini huu ni msimu wa baridi, watu wanaokwenda kulala kwenye mahema ya jangwani wanajaa hapa kila adhuhuri na mimi ndiye wanayemtaka. Nikiondoka siku moja Hashil anachanganyikiwa. Nitakuja mwezi ujao.

Nakupa habari ya kukufurahisha badala yangu. Dishdasha ya Idi, ile ya kijivu, imenipwaya. Nimeivaa Ijumaa na Ahlam, mke wa kaka yako, akasema, "Baba, unaogelea humo ndani." Mkanda wa kikoi nimeukaza mara mbili. Kikombe chako kinafanya kazi.

Mbusu mtoto kwenye paji langu la uso.

Sleyum


Nizwa, 17 Januari 2025

Baba yangu,

Nilikuwa nimenuna na sasa nimekunjuka. Dishdasha imepwaya! Nimewasomea wenzangu kazini kwa simu. Dada mkuu amesema nikirudi nitoe mhadhara mdogo juu yako, jinsi mzee wa miaka sabini na tano alivyoweza kwa kikombe kimoja tu, bila kumlazimisha. Nimejisikia mtu, Baba. Tangu nianze kazi hii sijamwona hata mmoja aliyenisikiliza mpaka mwisho, na wa kwanza amekuwa wewe.

Basi njoo mwezi ujao, nikuone ulivyokonda.

Shukriya


Ibra, 9 Februari 2025

Dada yangu Shukriya,

Mimi si mtu wa kuandika, unajua. Lakini pale hospitali, kwenye ujia, ulinishika kola mbele ya watu ukaniuliza, "Mlikuwa wapi nyote?" Ulipoondoka na mtoto bila kuniaga nilisema nitakaa niandike. Nampa Yaqoob. Baba hajui.

Kuhusu kikombe Baba hakusema uongo. Kila mlo kikombe kimoja, kweli. Lakini Baba hakuwa anakaa mlangoni tu. Alikuwa anaingia na wageni. Akiwakaribisha anakaa nao, mpishi anamwaga kikombe chake upande wake wa sinia, naye anakula nao mpaka mgeni wa mwisho anyanyue mkono. Akitoka hapo wanateremka wengine. Kila sinia kwake lilikuwa mlo. Siku ya kawaida masinia sita. Alkhamisi tisa. Na unajua watu wanavyomfanyia mzee, kila mmoja anachambua nyama nzuri anamsogezea. Kikombe kilipima wali. Nyama na mafuta na halwa na tende za kahawa hakuna aliyevipima.

Nilijua kwamba anakula nao. Sikuhesabu. Mimi nilikuwa jikoni na simu. Ulipouliza nikakujibu neno moja, kwa sababu mpishi alikuwa ananiambia kikombe ni kile kile. Na nitakuambia jambo jingine, usinichukie. Nilipenda. Watu walikuwa wanarudi kwa ajili yake. Mikahawa mingine mitatu ina wali kama wangu, haina Baba.

Kidole kilianza na yale makubadhi ya zamani, mwezi wa kumi na moja. Tangu hapo alikuwa anavaa soksi, akisema baridi. Ahlam aliniambia mwezi wa kwanza, "Chumba cha Baba kinanuka." Nikamwambia ni barua za Yaqoob, si unajua anaziweka chini ya mto. Hilo ndilo nililosema, dada. Siku aliposhindwa kuinuka kwenye zulia ndipo tukamvua soksi.

Wamekata mguu wa kushoto chini ya goti, kama ulivyoona. Daktari anasema jeraha linakwenda vizuri. Anasema pia mguu wa kulia tuuangalie kila siku.

Kaka yako,
Hashil


Nizwa, 14 Februari 2025

Baba,

Hashil ameniandikia. Usimgombeze, nilimlazimisha.

Nimezitoa barua zako zote nikazipanga kwenye zulia. Umeniambia kila kitu. Maji yanakwisha kabla ya adhuhuri. Dishdasha imepwaya. Kiatu kinabana kidole. Angekuja mgonjwa yeyote chumbani kwangu akanitajia hayo matatu, nisingemwacha afike mlangoni, ningemshika mkono nimpeleke kwa daktari mwenyewe. Ni mambo ya siku ya kwanza darasani: sukari ikizidi sana mtu anapata kiu na anakonda. Wewe uliniandikia kwa mkono wako na mimi nikafurahi. Nikawasomea wenzangu. Nilitaka sana kuwa nimekuponya, Baba, hata nikasoma ugonjwa nikaona afya.

Na sikuuliza milo mingapi. Nilidhani kila mtu duniani ana mitatu.

Nimekasirika pia, sitaki kukuficha. Ulijua nilichomaanisha. Ulikuwa mkuu wa ofisi miaka thelathini, huwezi kuniambia hukuelewa neno mlo. Ulikosa kumwona Yaqeen kwa kuogopa nitaangalia mguu wako. Ungekuja mwezi wa kumi na mbili ningekufunga hicho kidole na leo ungekuwa nacho.

Sasa nakuomba jambo na najua uzito wa ninachokuomba. Siwezi kukuzuia kwenda mkahawani. Siwezi kuhamia Ibra, nina kazi na mtoto mchanga. Hashil hawezi kukukatalia, hata mimi nikiwa mbele yako siwezi. Basi ukikaa na wageni, nyanyua mkono wewe kwanza. Kula matonge matatu, useme alhamdulillah, unyanyue. Niahidi hilo, na safari hii sikupi kikombe chochote.

Una mguu mmoja, Baba. Mimi nina baba mmoja.

Shukriya


Ibra, 24 Aprili 2025

Mwanangu,

Nimechelewa kujibu. Yaqoob alikuwa anapita kila wiki akiuliza, na mimi kila wiki namwambia bado.

Ni kweli, nilielewa neno mlo. Siku ya kwanza nilimwambia mpishi, "Kikombe hiki ni cha leo," na kwenye sinia la pili, wageni walipoanza kula nikakaa mikono magotini. Mzee mmoja wa Sur akaniuliza, "Vipi, kuna nini kwenye chakula?" Wote wakasita. Nikamwita mpishi alete kikombe cha pili. Tangu hapo nikajiambia, alisema kila mlo, hakusema mara ngapi. Nilijidanganya kwa maneno yako mwenyewe kwa sababu yalikuwa na nafasi ya kutosha.

Na nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Mama yako alipokufa nilikula peke yangu mwaka mzima. Hashil alikuwa Maskat, wewe umeolewa na bado unasoma. Nilikuwa nanunua mkate, naukunja na jibini, nala nimesimama jikoni, maana kukaa chini mbele ya sahani ya mtu mmoja nilikuwa naona aibu, ingawa hapakuwa na mtu wa kuniona. Mkahawa ulipofunguliwa sikufuata wali. Wali nimekula maisha yangu yote.

Baada ya hospitali nilikaa nyumbani kama mlivyotaka. Ahlam alinipikia vizuri na akaniletea chumbani, kikombe kimoja, mara tatu. Ramadhani nilifuturu nao, ilikuwa raha. Baada ya Idi watoto shule, Hashil na mkewe kazini, nikawa na trei yangu. Siku kumi na moja. Sukari ilishuka, daktari akanipongeza, akasema niendelee hivi hivi. Nilitazama ukutani nikahesabu miaka ambayo naweza kuendelea hivi hivi, nikamwomba Hashil anipeleke mlangoni kwangu.

Amenitengenezea mteremko wa saruji wa kupandishia kiti cha magurudumu, na chumba cha kwanza ameweka meza fupi ili niufikie upande wangu wa sinia. Nilimwambia, "Dada yako kaniomba kitu na nitakifanya." Alifurahi akanibusu kichwa.

Jana walikuja watu wa Mudhaibi, wanne, baba na wanawe wakubwa watatu, wanakwenda Sur kwenye maziko. Walikuwa hawajala tangu asubuhi. Sinia likaletwa. Nilikula tonge la kwanza, la pili, la tatu. Nikasema alhamdulillah, nikanyanyua mkono.

Wakanyanyua wote. Yule mwanawe mdogo alikuwa na nyama vidoleni, akairudisha kwenye wali. Nikawaambia, kuleni, mimi mgonjwa, kuleni jamani. Wakasema tumeshiba mzee, Mungu akuzidishie, na wakanawa. Baba yao aliutazama mguu wangu, akaniomba radhi, alidhani wamenichosha. Waliondoka kwenda maziko na njaa yao, na sinia lilirudi jikoni limejaa. Hashil alilibeba mwenyewe.

Nililia, Shukriya. Sikulia walipokata mguu.

Nakuandikia haya ujue kwamba nimetimiza ulichoniomba, mara moja, na kwamba sijui kama nitaweza tena. Nimejaribu kufikiri njia ya tatu tangu alfajiri na sikuiona. Ukiiona wewe, niletee kwa Yaqoob. Mguu wa kulia Ahlam anaukagua kila asubuhi, kuna sehemu nyekundu kisiginoni, safari hii nakuambia mapema.

Njoo na mtoto mkipata nafasi. Kikombe kipo, kimetundikwa jikoni, nimewakataza wasikitumie kwa kitu kingine.

Adhuhuri imeadhiniwa na watu wameshasali. Niko mlangoni. Kuna gari imesimama, wanateremka watu watano, mmoja amenipungia mkono kama ananijua, na Hashil amenitazama kutoka jikoni. Wacha nikome hapa, wageni wamefika.

Baba yako,
Sleyum